Kamera Inayosoma Moyo Usoni Ijaribiwe Kwanza kwa Nyuso Zetu

Kila moyo unapopiga, uso hubadilika rangi. Damu inayosukumwa hujaa kwenye mishipa midogo ya paji la uso na mashavu, himoglobini iliyomo, yaani kile kinachoipa damu wekundu, hunyonya mwanga kidogo zaidi, hasa ule wa kijani, na ngozi hurudisha mwanga pungufu kuliko ilioutoa nusu sekunde iliyotangulia. Kisha damu hupungua na ngozi hung'aa tena. Jicho la mtu halioni haya. Kamera ya simu huyaona, ingawa kwa taabu, na hapo ndipo ilipoanzia teknolojia ya kupima mapigo ya moyo bila kumgusa mtu. Unaitazama simu yako kwa nusu dakika hivi, programu inafanya hesabu, namba inatokea.

Niseme mapema kwamba jambo hili ni la kweli. Msingi wake ni fizikia ileile ya kipima oksijeni cha kubana kidoleni ambacho wengi tulikifahamu wakati wa korona. Natamani lifike kwenye wodi zetu. Ninachokikataa ni kulipokea kwa kuamini namba zilizopatikana kwenye nyuso za watu wengine, chini ya taa za kwingine, kisha kumwambia mgonjwa wa Bukoba au Bungoma kwamba moyo wake uko sawa.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1937 mwanafiziolojia wa Marekani, Alrick Hertzman, alieleza jinsi mwanga na seli ya kuhisi mwanga vinavyoweza kufuatilia damu inavyojaa na kupungua ndani ya ngozi. Kwa takribani miaka 70 baada ya hapo, kifaa kilipaswa kugusa mwili. Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake wawili, wakiwa California, walionyesha kwamba kamera ya kawaida ya dukani na mwanga uliopo chumbani vinatosha, na kwamba rangi ya kijani ndiyo inayobeba ishara yenye nguvu zaidi. Miaka miwili baadaye Ming-Zher Poh, Daniel McDuff na Rosalind Picard wa chuo cha MIT walifanya hivyo kwa kamera ndogo ya kompyuta. Mwaka 2012 watafiti wengine wa hapohapo MIT walitengeneza njia ya kukuza mabadiliko madogo ya video, na watu wakaona kwa macho yao uso wa mtu ukiwa mwekundu na kufifia kwa kufuata moyo. Uholanzi nako, mjini Eindhoven, Gerard de Haan na wenzake walitafuta namna ya kuchanganya rangi tatu za kamera ili mtikisiko wa kichwa usifunike mapigo. Hizo ndizo hatua kubwa. Tangu hapo kazi kubwa imehamia kwenye akili mnemba.

Sasa tuangalie ishara yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Kamera hurekodi kila nukta ya picha kwa ngazi za mwanga kuanzia 0 hadi 255 kwa kila rangi. Tuseme shavu la mtu mweupe limeandikwa 180 kwenye rangi ya kijani, na moyo unapopiga mwanga unapungua kwa nusu ya asilimia moja. Nusu ya asilimia ya 180 ni 0.9. Haifiki hata ngazi moja. Programu hulazimika kuchukua maelfu ya nukta za paji la uso na mashavu, kuzitafutia wastani, na kufuatilia wastani huo fremu baada ya fremu, mara 30 kwa sekunde, hadi mdundo ujitokeze. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya soko: neno moja moja hulipati, lakini akilirudia neno hilohilo kila sekunde, utalishika.

Chukua sasa shavu la mtu mweusi, chumba kilekile, simu ileile. Kamera inaandika 60. Nusu ya asilimia ya 60 ni 0.3. Mnong'ono umeshuka hadi theluthi moja, na kelele za kamera hazikushuka kwa kiwango hicho. Na hata hiyo nusu ya asilimia nimeikopesha kwa ukarimu, kwa sababu melanini, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, juu ya damu. Mwanga hupita kwenye melanini mara mbili, unapoingia kuifuata damu na unapotoka, na kila mara hupunguzwa. Zaidi ya hapo, sehemu ya mwanga unaofika kamerani haikuingia ndani ya ngozi kabisa. Umegonga juu na kurudi, kama ule mng'ao unaouona kwenye paji la uso lenye jasho. Mng'ao huo haubebi habari yoyote ya damu. Kwa mtu mweusi, mwanga unaotoka ndani ni mchache ilhali mng'ao wa juu unabaki palepale, hivyo sehemu isiyo na maana inazidi sehemu yenye maana.

Hii ni fizikia, na haina kosa la mtu yeyote. Makosa ya watu yanaanzia hapo.

Kamera ya simu hujipangia mwanga yenyewe kwa kutazama picha nzima. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe au dirisha lenye jua, simu hupunguza mwanga ili ukuta usiungue, yaani usiwe weupe mtupu pichani, na uso wake huzama gizani. Programu inayojali ingeiamuru kamera ipange mwanga kwa kufuata uso, iache ukuta uungue. Huo ni uamuzi wa mhandisi. Vilevile kuna suala la nani alirekodiwa. Mikusanyiko ya video ambayo watafiti duniani huitumia kufundishia na kujaribia njia zao ni midogo kuliko wengi wanavyodhani. Mmoja unaotajwa sana, PURE wa Ujerumani, una watu 10. UBFC wa Ufaransa una watu 42. COHFACE wa Uswisi una watu 40. Walio wengi humo ni watu wa ngozi nyeupe, wamekaa, wametazama kamera. Njia ikishinda kwenye mikusanyiko hiyo huandikwa kwamba imefanya vizuri, na sentensi hiyo husafiri hadi kwenye tangazo la kampuni bila kubeba idadi ya watu wala rangi zao.

Mwaka 2020 Ewa Nowara, Daniel McDuff na Ashok Veeraraghavan walijumlisha matokeo ya tafiti mbalimbali kuona rangi ya ngozi inaathiri nini. Walikuta usahihi ukishuka waziwazi kwa watu wa daraja la mwisho la weusi. Daraja hilo nalo lina dosari yake. Kipimo cha rangi ya ngozi kinachotumika, cha Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, kilianza mwaka 1975 kwa ajili ya kukadiria kiasi cha mwanga wa tiba, na mwanzoni kiliwahusu weupe. Madaraja ya watu weusi yaliongezwa baadaye, yakawa mawili tu ya mwisho kati ya sita. Kwa hiyo watu wetu wote, kuanzia maji ya kunde hadi weusi tii, wanabanwa kwenye vyumba viwili, huku tofauti ndogo ndogo za weupe zikipewa nafasi ya kutosha. Ripoti ikisema imejaribu "ngozi za aina zote," inawezekana iliwaweka watu wawili mwishoni ili orodha itimie.

Tunajua hatari ya kupuuza jambo hili, kwa sababu limeshatokea kwa kifaa kingine. Kanuni ya kipima oksijeni cha kidoleni ilibuniwa Japani na Takuo Aoyagi miaka ya 1970, na kifaa kikaenea dunia nzima. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa namba za kifaa hicho na vipimo vya damu vya wagonjwa haohao. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha wana oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Maana yake, mgonjwa mweusi alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuambiwa ana oksijeni ya kutosha ilhali hana. Wakati huo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilikuwa ikiridhika na majaribio ya watu wasiopungua 10, wawili wao wakiwa na ngozi nyeusi. Rasimu ya masharti makali zaidi ilitoka Januari 2025. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo. Na hicho hugusa mwili, kina taa yake chenyewe, kinabana kidole kisitikisike. Kamera inayomtazama mtu kutoka upande wa pili wa meza haina hata kimoja cha vitu hivyo.

Lipo tatizo jingine ambalo naliona baya kuliko yote, kwa sababu linajificha ndani ya hesabu inayoonekana safi. Kampuni nyingi hutangaza wastani wa kosa: programu yetu hukosea kwa mapigo matano au sita tu kwa dakika. Hebu tuwaweke watu kumi wazima kwenye viti, wamepumzika. Mapigo yao kwa dakika ni 62, 66, 68, 70, 72, 74, 76, 78, 82 na 86. Sasa tutengeneze programu ambayo haiangalii kamera kabisa, na kila mtu inamwambia 74. Jumlisha makosa yake, gawa kwa kumi: 5.8. Programu isiyopima chochote imepata namba inayofaa kuwekwa kwenye tangazo. Mlete mtu wa kumi na moja, mwenye homa kali na moyo unaopiga 130. Itamwambia 74, aende nyumbani.

Mfano huo ni wa kupita kiasi, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Mfumo wa akili mnemba uliofundishwa kwa watu waliotulia, ukikosa ishara kwenye video, huelekea kurudi kwenye namba uliyoizoea. Na ishara hukosekana zaidi kwa nani? Kwa mwenye ngozi nyeusi, kwenye chumba chenye taa hafifu, aliyerekodiwa na simu ya bei nafuu. Huyo ndiye atakayepewa namba ya mtu mzima wa afya, na namba hiyo haitaonyesha alama yoyote ya mashaka. Bora programu inayosema "nimeshindwa kupima, sogea kwenye mwanga" mara nne kati ya kumi kuliko inayojibu mara zote. Anayenunua mfumo wa aina hii kwa ajili ya hospitali aanze na swali hilo: ni mara ngapi unakataa kutoa namba, na unakataa kwa nani?

Mazingira nayo yana mchango wake. Umeme wetu ni wa hetsi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na upepesaji huo ukikutana na mwendo wa fremu za kamera unaweza kuzaa mdundo wa uongo. Watafiti wa Oxford waliokuwa wakiwarekodi wagonjwa wa figo wakisafishwa damu, kazi iliyochapishwa mwaka 2014, walilazimika kutafuta njia ya kuondoa athari ya taa za wodini kabla ya kuyafikia mapigo. Simu nyingi pia hupunguza idadi ya fremu giza linapozidi. Tena video ikibanwa ili itumwe kwa intaneti, kinachotupwa kwanza ni mabadiliko madogo ya rangi, kwa kuwa jicho haliyahitaji. Huo mpango wa kumpima mgonjwa kupitia simu ya video yenye mtandao wa kusuasua unaitupa njiani ishara ileile unayoitafuta.

Msomaji atauliza: kwani tunaihitaji ya nini? Muuguzi ana vidole viwili na saa, na mapigo ya kifundo cha mkono hayana gharama. Nakubaliana naye kabisa. Palipo na mtu wa kushika mkono, ashike mkono. Hata simu yenyewe hupima vizuri zaidi ukiweka kidole juu ya kamera na kuwasha taa yake, kwa kuwa hapo mwanga ni mwingi na mng'ao wa juu haupo. Sioni sababu ya kuuza kipimo cha uso kama mapambo ya programu za mazoezi.

Lakini zipo sehemu ambapo kugusa ni gharama. Mtoto njiti ana ngozi laini kiasi kwamba plasta ya kushikilia kihisio inapobanduliwa inaweza kuondoka na ngozi. Oxford wamewarekodi watoto wa namna hiyo kwa kamera katika Hospitali ya John Radcliffe. Aliyeungua moto ni vilevile. Halafu ipo wodi ya karantini. Machi 2023 mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg, na Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Uganda ilipambana na Ebola mwaka 2022 kuanzia Mubende, kisha tena mwanzoni mwa 2025. Muuguzi aliyevaa mavazi kamili ya kujikinga, katika joto letu, hawezi kukaa ndani muda mrefu, na kila anapomshika mgonjwa anahatarisha uhai wake. Kamera iliyofungwa ukutani ikifuatilia moyo na pumzi za mgonjwa usiku kucha, na kengele ikalia mapigo yanapopanda, ingeokoa mgonjwa na muuguzi pia.

Ona basi yanavyopishana. Mgonjwa wa karantini huko Kagera ni mweusi, anatoka jasho, moyo wake unakwenda mbio, amelala ubavu, taa ni ya sola. Kila sifa yake ni ile ambayo mikusanyiko ya video niliyoitaja haina. Pale tunapoihitaji teknolojia hii kuliko mahali popote ndipo ilipo dhaifu kuliko popote, na hilo halitajirekebisha kwa kusubiri wenye mitambo ya Ulaya watukumbuke.

Tiba ya kiufundi ipo, au angalau njia zake zinaonekana. Achuta Kadambi na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, wamefanya kazi ya kupunguza pengo la rangi ya ngozi, na mwaka 2022 walionyesha mfumo unaounganisha kamera na rada. Rada haijali melanini, maana hupima mtikisiko mdogo wa kifua. Mwanga wa karibu na infraredi, ambao jicho haliuoni, pia huzuiwa na melanini kidogo kuliko wa kijani, ingawa ishara yake ya damu ni dhaifu. Taa moja nzuri iliyoelekezwa usoni husaidia kuliko inavyodhaniwa. Kinachokosekana ni watu wetu kurekodiwa kwa idadi ya maana, kwa ridhaa yao, huku wakiwa wamefungwa kipimo cha umeme wa moyo kwa wakati uleule ili kuwe na ukweli wa kulinganishia.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ina wagonjwa ambao hakuna mkusanyiko wa Ulaya utakaowapata: mioyo inayokwenda kasi, inayokwenda polepole, inayoruka mapigo, yote katika ngozi zetu. Mkusanyiko wa watu mia chache kutoka hapo, na mwingine kutoka Nairobi au Kampala, ungekuwa na uzito kuliko makala nyingi za kujisifu. Watu warekodiwe barazani, wodini usiku, kwa simu za kawaida ambazo wananchi wanazo. Matokeo yatolewe kwa kila kundi la rangi peke yake, na kwa wenye mapigo ya juu peke yao, wastani wa jumla ukae mwisho. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya, zingeweza kulifanya hilo kuwa sharti: programu yoyote inayotoa namba ya moyo kwa ajili ya uamuzi wa tiba ilete ushahidi wa watu wa hapa. Wale wanaoongeza na shinikizo la damu, au sukari, kwa kutazama uso, waombwe ushahidi mara mbili. Mapigo yana msingi imara wa kisayansi. Kusoma shinikizo la damu usoni bado ni madai yanayotangulia uthibitisho, na sukari iko mbali zaidi. FDA ilishatoa onyo Februari 2024 kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi.

Lipo la mwisho ambalo halihusu usahihi, na linazidi kuwa zito kadiri usahihi unavyopanda. Kipimo cha mkononi lazima unyooshe mkono. Kipimo cha uso hakikuombi kitu. Mahojiano ya kazi kwa video, kikao cha mtandaoni, video fupi ambayo programu ya mikopo inakutaka ujirekodi ili ithibitishe kwamba ni wewe, zote zina mapigo ya moyo wako ndani yake, kama ubora wa picha unatosha. Uingereza imeshakutana na ubishi huu: kamera za kufuatilia mapigo na pumzi ziliwekwa kwenye vyumba vya wagonjwa wa akili, baadhi ya wagonjwa na watetezi wao wakalalamika kuhusu ridhaa na faragha, na mwaka 2025 NHS England, taasisi inayosimamia huduma ya afya ya umma huko, ikatoa mwongozo juu ya matumizi ya mitambo ya namna hiyo. Kwetu sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazitaja taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya pia imeonyesha kwamba meno yapo: shughuli za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, za kupiga picha mboni za macho zilisimamishwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe.

Swali ambalo wasimamizi wa sheria hizo wanapaswa kulijibu kabla kesi haijafika ni hili: video ya kawaida ya uso inageuka lini kuwa taarifa ya afya? Kwa maoni yangu, inageuka dakika ile mtu anapoichakata kutafuta mapigo, na kuanzia hapo iwe na ridhaa yake ya pekee, tofauti na ridhaa ya kutambuliwa sura. Bima isiruhusiwe kuisoma. Mwajiri asiruhusiwe. Hesabu yenyewe ni nyepesi, simu nyingi zinaweza kuifanya ndani kwa ndani bila video kutoka nje hata sekunde moja, kwa hiyo kampuni inayosisitiza kuipakia kwenye seva zake iandike kwa mkono wake inaitaka kwa kazi gani na itaifuta lini.